Tableti inatuma. Nani anajumlisha?

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya depo wanakouza saruji na mabati, tableti iko mapajani, daftari la mistari liko pembeni. Anagusa skrini, anasoma, anageukia daftari, anaandika kwa kalamu. Halafu anagusa tena. Kwa mbali nilidhani ananakili namba za simu za wateja. Nilipokaribia nikaona ni magunia: 42, 17, 60, 8.

Kila jioni kabla ya kufunga, yeye ndiye anayehesabu mali iliyobaki. Anajaza fomu kwenye tableti aliyopewa na patroni, yaani mwajiri wake, anabonyeza kutuma, fomu inaenda zake kwenye seva. Baadaye anaweza kuifungua na kuisoma, moja baada ya nyingine. Kuzijumlisha hawezi, programu ile iliundwa kukusanya, basi. Sasa patroni alikuwa amepiga simu, anataka jumla ya juma zima kabla ya saa kumi. Ndiyo maana alikuwa anazishusha namba kutoka kwenye kioo hadi kwenye karatasi, ili azijumlishe kwa kikokotoo cha simu yake.

"Yaya," akaniambia, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, bila kuinua macho, "zamu yangu ya likelemba iko karibu. Ninunue tableti yangu mwenyewe ao laptopu? Kwa kazi ya buro, tableti inatosha? Uniambie kweli."

Likelemba ni mchango wetu wa kupokezana: wote wanatoa, mmoja anachukua kwa zamu. Nilimwomba anipe muda.

Mimi nashika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Lubumbashi, na swali hilo watu huniuliza mara kwa mara. Jibu huwa liko tayari mdomoni. Safari hii halikutoka. Lile daftari lilinikaa moyoni kwa majuma, na kila nilipotaka kumjibu mdogo wangu nilijikuta naulizwa jambo jingine kabisa.

## Mashine zimebadilika

Wanaosema tableti ni ya kutazamia filamu wanaongelea kifaa cha zamani. iPad ya kwanza ilipoingia sokoni Aprili 2010 haikuwa hata na kamera. Mwaka 2015 ikaja iPad Pro na kalamu yake na kibodi ya kubandika. Machi 2020 iPad zikapokea mausi vizuri. Mwaka 2021 Apple wakaweka ndani ya iPad Pro chipu ya M1, ile ile waliyokuwa wameiweka kwenye MacBook Air miezi michache nyuma. Septemba 2025, iPadOS 26 ikaleta madirisha unayoyavuta na kuyapanga unavyopenda. Samsung nao walianza na DeX, mpangilio wa madirisha kama wa kompyuta, kwenye simu mwaka 2017, mwaka uliofuata wakaiingiza kwenye tableti zao. Na Microsoft tangu 2013 wanauza Surface Pro, tableti yenye Windows kamili ndani.

Kwa hiyo anayebishana kuhusu nguvu ya mashine anabishana na jana. Chipu ni ile ile. Kinachotofautiana ni kile unachoruhusiwa kufanya nayo, na nani yuko upande wa pili akisubiri kazi yako.

## Malori

Juni 2010, iPad ikiwa sokoni kwa miezi miwili tu, Steve Jobs aliulizwa kwenye mkutano mmoja California kuhusu mustakabali wa kompyuta. Akajibu kwa mfano wa magari. Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima, alisema, magari yote yalikuwa malori, kwa sababu shambani ndiyo yaliyohitajika. Watu walipohamia mijini, magari madogo yakachukua nafasi. Kompyuta, kwa maoni yake, zitakuwa malori: zitaendelea kuwepo na kuwa na thamani, ila watakaozihitaji watapungua.

Nimeusoma mfano huo mara nyingi na kila mara unanigusa vibaya kidogo. Labda ni kwa sababu ya mahali ninapousomea. Sisi mji wetu unakula kwa malori. Shaba inatoka kwa lori, unga wa mahindi unaingia kwa lori, hata saruji ya ile depo inafika kwa lori. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikikwama, mama anayeuza unga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anajua kabla redio haijasema. Wenye malori ni wachache, ni kweli. Lakini ndio wanaopanga bei, na sisi wengine tunazipokea.

Jobs alikuwa anaeleza nani atahitaji lori. Mimi nilianza kujiuliza nani atabaki nalo.

## Umeme ukikatika

Kabla ya kufika huko, niitendee haki tableti, maana haki yake ni kubwa.

Mtu asiyeishi hapa atadhani ubishi huu ni wa skrini na kibodi. Kwetu unaanzia kwenye soketi. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hula wati 100 hadi 150 hivi. Laptopu ya kazi za kawaida za ofisi hula kama 30. Tableti ya inchi kumi kwa matumizi ya kawaida haifiki hata 10, na betri yake nzima hubeba kama wati-saa 28.

Sasa chukua betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ile ambayo wengi wanaiweka chini ya meza pamoja na inveta. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ukiizoeza kuikausha kupita nusu unaiua mapema, kwa hiyo hesabu 600. Inveta nayo inajilipa humo humo. Kompyuta ya mezani itakaa kama saa nne. Laptopu itakupa zaidi ya saa 15, yaani siku mbili za kazi. Tableti utaijaza zaidi ya mara 15, tena bila inveta kabisa, kwa chaja ya USB ya gari.

Hesabu hiyo si ya mchezo kwa mtu ambaye kazi yake ina tarehe ya mwisho. Nimekaa gizani na kompyuta ya mezani iliyozimika katikati ya jedwali, ondulere, ile betri ya dharura, inalia, nina dakika chache tu za kuhifadhi faili. Na nimekaa gizani na tableti nikiandika barua ya mteja hadi mwisho bila kushtuka. Usiku kama huo mtu haulizi tena kama tableti ni kompyuta ya kweli.

Pengo hili linapungua, lakini. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinachajiwa kwa USB-C, na Umoja wa Ulaya umeilazimisha njia hiyo: simu na tableti tangu 28 Desemba 2024, laptopu kuanzia 28 Aprili 2026. Mitumba ya Ulaya inatufikia baadaye, kwa hiyo sheria ya kule itatufaa na sisi. Pawabanki ya 20,000 mAh ina wati-saa 74 ndani ya seli zake. Ikiwa inatoa nguvu ya kutosha, inaijaza laptopu ndogo mara moja hivi.

Na betri za vifaa hivi, kikubwa kwa kidogo, kwa kawaida zina kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu, mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Nalisema kwa kupita tu, ila silisahau ninapomsikia mtu akisema kijana wa hapa anatosheka na kifaa kidogo.

## Safu ya juu ya kibodi

Kibodi yetu ni AZERTY, tuliirithi na Kifaransa. Ukibonyeza safu ya juu bila kushika Shift hupati namba; unapata &, é, alama za kunukuu, mabano. Namba zinatoka Shift ikiwa imeshikwa. Anayeandika mahubiri au barua ya mapenzi hatahisi kitu. Lakini anayeingiza rundo la fakture, yaani ankara, kila moja na tarehe yake, namba yake, kiasi cha dola, kiasi cha faranga na kiwango cha siku hiyo, anahitaji ule mraba wa namba ulioko kulia. Kidole cha kati kinakaa juu ya 5, kinasikia kile kinundu, na macho hayatoki kwenye karatasi. Karatasi zenyewe mnazijua: nakala ya kaboni, wino umefifia, mwandiko wa mtu aliyekuwa amesimama.

Kibodi nyingi za tableti hazina mraba huo. Kibodi ya kwenye skrini ndiyo inayonitesa zaidi: inafunika nusu ya jedwali, na kioo hakina kinundu, kwa hiyo lazima ukitazame kidole. Macho yakitoka kwenye karatasi, yakirudi yanaangukia mstari mwingine. Hapo ndipo 650 inapogeuka 560. Sisi wa hesabu tukiona tofauti inayogawanyika kwa 9 tunajua pa kuanzia kutafuta, kwamba kuna mahali tarakimu mbili zimepishana. Ni bora kutoitafuta kabisa.

Mtu ataniambia kibodi ya namba ya Bluetooth inanunulika. Inanunulika. Na mausi, na stendi, na kebo ya kupeleka picha kwenye skrini kubwa. Ukimaliza kununua umebeba laptopu katika vipande, na kila kipande kina chaja yake au betri yake ya kuisha.

## Jioni ya faili

Sikutaka kumjibu mdogo wangu kwa nadharia. Nilimwomba patroni wake nakala ya zile fomu za juma, naye, bila ubaya wowote, akatutumia faili ya CSV, jedwali la maandishi matupu, kwa WhatsApp. Siku ya posho, yaani Jumamosi, baada ya kazi, tukakaa mezani nyumbani, tableti katikati yetu, intaneti ya simu yangu.

Faili ilifunguka katika Google Sheets. Safu zikajipanga. Tukaandika fomula ya kujumlisha chini ya safu ya bei, ikatoa jumla ndogo isiyoeleweka. Tukakagua: programu ya fomu ilikuwa imeandika desimali kwa nukta, na jedwali letu liko katika mpangilio wa Kifaransa, ambapo desimali ni mkato. Kwa hiyo 12.50 ilikuwa inasomwa kama maneno, na maneno hayajumlishwi. Tukatafuta nukta zote, tukazigeuza mikato, na jumla ikaruka mbele yetu.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kuuliza mfululizo. Je, naweza kuona saruji peke yake? Je, naweza kuona siku ya kwanza peke yake? Tukaweka kichujio. Je, naweza kuona nani aliandika nini? Tukapanga kwa jina. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa, na nikadhani jibu limepatikana: tableti inaweza.

Halafu tukajaribu kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni kulinganisha. Mali iliyohesabiwa ghalani, fakture zilizotoka, na malipo yaliyoingia kwa simu, ambayo taarifa yake inakuja kama PDF ndefu. Vitu vitatu. Skrini ya inchi kumi ilikubali viwili bega kwa bega, maandishi yakiwa madogo, na cha tatu kikajificha nyuma. Kila tuliporudi kwenye PDF ilijifungua upya kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sababu kumbukumbu ya tableti ya bei nafuu ni ndogo na programu ya nyuma inatupwa ili ya mbele ipumue. Tafuta malipo, yashike kichwani, badilisha dirisha, tafuta mstari, ukifika umeshasahau kama ilikuwa dola au faranga. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akachukua daftari na kalamu.

Sikusema neno.

Tukamalizia kwa kufungua jedwali ninalotumiwa na mhasibu mkuu wa mteja wangu mmoja, lenye vitufe vya kukusanya miezi. Vitufe vilionekana, havikufanya kitu. Excel ya kwenye tableti, iwe Android iwe iPad, haiendeshi makro za VBA, zile amri zilizoandikwa ndani ya jedwali ambazo vitufe huziita. Tena kuna kanuni ya Microsoft ambayo wauzaji wa tableti hawaitaji: kuhariri bure katika programu zao za Office kumewekewa mpaka wa skrini ya inchi 10.1. Ukinunua kubwa zaidi ili uone vizuri, unatakiwa kulipia usajili.

Na mimi nafanya kazi ndogo. Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, hesabu za mwisho wa mwaka zilipata sura yake, na tangu 2018 tuko katika SYSCOHADA iliyorekebishwa, yaani kanuni zake za uhasibu: bilan (mizania), compte de résultat (hesabu ya faida na hasara), jedwali la mtiririko wa fedha, pamoja na maelezo yote ya kuambatisha. Ofisi ninazozijua zinafanyia hayo kwenye programu za Windows. Wakala wa forodha anayepeleka tamko la mzigo anatumia Sydonia World, mfumo uliojengwa kwa Java na kuundwa kwa ajili ya kompyuta. Unaweza kuwa na tableti yenye chipu ya M1, mlango huo haufunguki kwa chipu.

## Rafiki yangu wa redio

Hapo ningeweza kufunga makala. Lakini kuna mtu aliyenisumbua.

Nina rafiki mwandishi wa habari wa redio, na kwa muda mrefu sasa kazi yake yote inapita kwenye tableti. Anarekodi, anakata sauti kwa kidole, anaweka utangulizi, anatuma kituoni, anaenda kulala. Laptopu yake ilikufa na hakuililia. Nikimwambia kwamba tableti haifai kwa kazi ya kweli nitakuwa namtukana, na nitakuwa nasema uongo. Wako wengine: mwalimu anayesahihisha kwa kalamu juu ya skrini, fundi ramani anayemwonyesha mteja nyumba kabla haijajengwa, muuguzi anayezunguka vitanda. Wako pia wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa walioandika kurasa na kurasa za kazi zao za mwisho kwa simu, kwa sababu simu ndiyo waliyokuwa nayo.

Nikajiuliza basi, rafiki yangu ana nini ambacho mdogo wangu hana? Kifaa ni cha aina moja. Cha mdogo wangu hata ni kipya zaidi.

Ilinichukua muda kuona. Rafiki yangu anaikamata kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti anayo, maamuzi ni yake, kipande kikitoka anaweza kukisikiliza tena mwaka kesho. Mdogo wangu anakamata kipande kimoja tu, kile cha kugusa na kutuma. Kilichobaki kinafanyika mahali asipopaona.

## "Yaya, shida si mashini"

Nilipomweleza hayo, alinikata.

"Yaya, shida si mashini basi. Patroni angenipa ile faili kila juma, hata kwa simu ningejumlisha. Ile jioni si uliona?"

Niliona. Na maneno yake yalibadilisha kila kitu nilichokuwa nimepanga kumwambia.

Tazama ni nani hapa mjini anapewa tableti na kazi. Ni vijana wanaokwenda nyumba kwa nyumba na maswali, wanaoandika watoto waliochanjwa, wanaohesabu maghala. Programu nyingi wanazotumia ni za ukoo wa ODK, programu ya kujazia fomu iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na KoboToolbox iliyojengwa juu ya kazi hiyo. Ni zana nzuri. Zimetuondolea mashaka ya fomu za karatasi zilizolowa mvua na watu waliokesha wakiziingiza upya. Sizilaumu.

Lakini tazama pia nani anajumlisha. Anakaa mbele ya skrini pana, labda Kinshasa, labda Nairobi, labda ghorofa ya juu ya jengo lile lile. Yeye ndiye anayeona kwamba ghala moja linapoteza saruji kila mwisho wa mwezi. Yeye ndiye anayeitwa kwenye kikao na kuulizwa anafikiri nini. Kijana wa fomu analipwa kwa siku, na mkataba ukiisha anarudisha tableti, chaja na kasha lake, anasaini karatasi, anaondoka. Hana faili hata moja ya kumwonyesha mwajiri mwingine.

Tableti haikuleta mgawanyo huo. Enzi za karatasi ulikuwepo, na pengine ulikuwa mkali zaidi. Ninachoogopa ni kwamba tableti inaufanya uonekane wa kawaida, hata wa kisasa. Kijana anashika kifaa kinachong'aa, familia inafurahi, yeye mwenyewe anaamini ameingia kwenye kazi za kompyuta. Kumbe mlango wa chumba cha kuhesabia haujafunguliwa.

Hivyo mdogo wangu ana haki nusu. Faili ni ruhusa, na ruhusa ni ya patroni. Nusu nyingine ni mazoezi. Kuweka alama ya dola kwenye fomula ili isihame, kuunganisha majedwali mawili kwa namba ya fakture, kuharibu faili na kuitengeneza tena saa sita usiku: mambo hayo yanaingia kwa mikono, kwa kurudia, kwenye mashine ambayo ni yako na hakuna aliyeifunga ibaki kwenye fomu moja. Mtu aliyejua tayari anaweza kuyafanya kwenye tableti kwa taabu kidogo. Anayejifunza, taabu hiyo inamrudisha kwenye daftari. Nilimwona kwa macho yangu akirudi.

Nikamjibu: laptopu.

## Ipi, basi

Hapa nitakwenda haraka, maana mafundi wa mjini wanajua kuliko mimi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na maduka ya mitumba yamejaa laptopu ambazo Windows 11 haizipokei rasmi. Ukiona prosesa ya Intel, uliza kizazi: kuanzia cha nane ndipo inapokubalika, pamoja na TPM 2.0, kijichipu cha usalama. Ya chini ya hapo inaweza kukufaa bado ukiiwekea Linux badala ya Windows na LibreOffice badala ya Office, ila basi bei iwe ya chini kweli. Omba ifunguliwe mbele yako. Laptopu nyingi za ofisi za miaka hiyo unaweza kuziongezea kumbukumbu, ukabadilisha diski, ukabadilisha betri kwa bisibisi. Tableti imebandikwa kwa gundi. Betri ikichoka, kuitoa bila kupasua kioo ni bahati na ustadi.

Chagua yenye mraba wa namba. Kama haina, ongeza kibodi ndogo ya namba ya kebo, ni ya bei ndogo.

Mdogo wangu amepata ya inchi 15, kizazi cha nane, betri imechoka lakini inabadilika. Tableti ya patroni anaendelea kuitumia ghalani, na pale inastahili: anatembea nayo kati ya mabati, anapiga picha lebo, haogopi umeme. Sijamwambia aiache, na sitamwambia.

## Kwa wenye maghala

Nina ombi kwenu mliowapa vijana wenu tableti. Hizo programu za ukoo wa ODK zina sehemu ya kutoa data yote kwa Excel au CSV, na katika KoboToolbox unaweza kumpa mtu haki ya kuona bila kumpa haki ya kubadilisha. Haiwagharimu kitu. Mpeni anayehesabu nakala ya alichohesabu, kila juma, pamoja na jumla mliyoifikia nyinyi, kisha mwulizeni kama inalingana na alichokiona ghalani. Patroni wa mdogo wangu amekubali kujaribu hadi mwisho wa mwaka. Faili ya kwanza ilikuja na siku mbili zilizoandikwa mara mbili, na hakuna mtu wa ofisini aliyekuwa ameliona.